Kima gizani, kobe juani: kweli au si kweli?

"Jua likiwaka sana, picha hutoka safi."

Si kweli. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua huwa juu sana. Hapo ndipo wageni wengi huwapiga picha kobe wa kisiwa cha Changuu, ambao wa kwanza wao, wanne, waliletwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Gamba hung'aa likawa jeupe, na jicho likazama kwenye kivuli cha gamba lenyewe. Panda boti ya mapema Forodhani. Ukichelewa, mtafute kobe aliyelala chini ya mti, picha nzima iwe kivulini, kisha piga magoti umtazame usawa wa jicho.

"Waya wa kizimba huharibu picha."

Si lazima. Sogeza lenzi karibu kabisa na waya, ungoje mnyama arudi nyuma. Waya hauonekani tena, mradi haupigwi na jua.

"Miwani ya jua husaidia kupiga picha za kasa."

Kweli, ikiwa ni ya polaroidi. Kwenye bwawa la Mnarani, Nungwi, maji huakisi mbingu na kasa haonekani. Simama kwa mshazari, weka kioo cha miwani mbele ya lenzi ya simu, kizungushe taratibu mpaka mng'ao ukatike.

"Msituni kuna giza, washa flashi."

Si kweli, na hili ndilo linaloniuma. Kima punju wa Jozani hapatikani porini popote nje ya Zanzibar, nasi tunammulika machoni! Tena bure, kwa kuwa taa ya simu haifiki juu ya mti. Kinachoharibu picha ni mbingu nyeupe nyuma ya uso mweusi: kamera hupima mbingu, ukaambulia kivuli chenye mkia. Gusa uso wa kima kwenye skrini, kisha pandisha mwangaza. Mwenye kamera apandishe ISO hata 3200, kasi isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Chembechembe hupunguzika baadaye, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Au subiri tu. Kima wa pembezoni mwa hifadhi huteremka hadi kwenye miti mifupi ya mashambani, na hapo mwanga unatosha.

Tafadhali, zima flashi kabla hujashuka garini.