Kware wa Kufugwa Anaweza Kuatamia Mayai Yake?

Wakazi wengi wanakumbuka wimbi la ufugaji wa kware lililovuma nchini mwishoni mwa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014. Watu walinunua mayai kwa bei ya juu, wengine wakakopa ili kununua mashine za kuangulia vifaranga. Miezi michache baadaye soko liliporomoka, na mashine nyingi zikabaki vibandani zikikusanya vumbi.

Hata hivyo, zipo familia zinazoendelea kufuga kware wachache kwa ajili ya mayai na nyama ya nyumbani. Swali ambalo wafugaji hao huuliza mara kwa mara ni hili: bila mashine, na kwa umeme unaokatika, je, kware anaweza kuatamia na kuangua mayai yake kama kuku wa kienyeji?

Anaweza, ila ni wachache wanaofanya hivyo, na hao wachache wanahitaji mazingira yanayofaa.

Kwa nini kware wengi hawaatamii

Kware anayefugwa kwa wingi nchini asili yake ni Japani. Huko, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wafugaji walichagua majike yanayotaga sana. Kware anayeatamia huacha kutaga, kwa hivyo hakupendelewa. Vizazi vingi vikapita mayai yakianguliwa kwa njia nyingine, na tabia ya kuatamia ikafifia. Ndiyo maana jike wa leo huweza kutaga mayai zaidi ya 250 kwa mwaka na kuyaacha popote anapopita.

Ndege huyu asichanganywe na kware wa porini, kama wale ambao Waluo huwaita aluru na ambao kwa miaka mingi wamenaswa kwa vizimba maeneo ya Nyanza. Aluru hajapoteza tabia yake: hutaga kwenye nyasi, huatamia na kulea vifaranga vyake.

Banda linalomshawishi kuatamia

Kware aliyefungiwa kwenye kizimba cha waya, akisongamana na wenzake, hataatamia. Mfugaji anayetaka kujaribu anashauriwa kufanya yafuatayo:

• Atenge banda la chini lenye sakafu ya udongo au maranda ya mbao, lisiloingiza paka, panya wala nyoka.

• Aweke dume mmoja na majike wawili au watatu. Dume hutambulika kwa kifua chenye rangi ya kutu. Kifua cha jike kina madoadoa.

• Aweke mafungu ya nyasi kavu ndefu, matawi yenye majani au sanduku dogo lililolazwa ubavu kwenye pembe za banda. Jike hutafuta mahali pa kujificha.

• Apunguze kelele, na chakula na maji viwekwe na mtu yule yule kila siku.

• Asiokote mayai yote. Aache kati ya manane na kumi na mawili pale jike anapopenda kutaga.

Mayai yakikaa zaidi ya siku saba, uwezo wake wa kuanguliwa hupungua. Kwa hivyo mayai ya kwanza yatiwe alama ya penseli na yaachwe kama chambo. Jike akishatulia juu yake, yaondolewe usiku na kuwekwa mapya.

Dalili na siku za kuhesabu

Jike aliye tayari hukaa kiotani mchana na usiku, huacha kutaga, hutimua manyoya na kudonoa mkono unaomkaribia. Hutoka kwa muda mfupi tu kula na kunywa. Asihamishwe. Dume akimsumbua, aondolewe.

Kuanzia siku alipotulia, zihesabiwe siku 17 hadi 18. Mayai yasipoanguliwa kufikia siku ya 20, yaondolewe. Vilevile, jike akiacha kiota kwa saa nyingi na mayai yakapoa, mfugaji asitarajie mengi.

Kifaranga cha kware huwa na uzani wa gramu saba hivi, na huzama kwa urahisi. Chombo cha maji kiwe kifupi na kijazwe kokoto safi. Matundu ya waya yawe madogo. Chakula kisagwe laini na kiwe na protini nyingi, kiasi cha asilimia 24.

Jike asipoatamia

Mfugaji ana njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kutumia kuku wa kienyeji mwepesi aliyeanza kuatamia. Kuku mzito huvunja mayai haya madogo. Kwa kuwa kuku na kware huambukizana magonjwa, kuku huyo awe mzima na asiwe na chawa wala utitiri, na vifaranga visichanganywe na kuku wengine.

Ya pili ni kumpa jike wa kware vifaranga vilivyokwisha kuanguliwa. Watafiti nchini Ufaransa wameonyesha kwamba jike ambaye hajaatamia anaweza kukubali kulea vifaranga vya siku moja akifungiwa navyo usiku ndani ya kisanduku kidogo chenye giza. Asubuhi na mapema mfugaji aangalie: akivifunika kwa mbawa, avilee, akividonoa, viondolewe mara moja na kupewa joto la taa au jiko lililokingwa vizuri, mahali penye hewa ya kutosha. Njia hii huokoa gharama ya joto, ingawa haiangui mayai.

Kabla ya kuanza

Anayetegemea kware kwa mapato asiweke matumaini yake yote kwa jike anayeatamia. Anapoatamia hatagi, na huenda akaacha mayai siku ya kumi bila sababu inayoonekana. Kwa biashara, mashine bado inahitajika. Kwa familia inayotaka ndege kumi au ishirini wa mezani, kujaribu hakugharimu zaidi ya nyasi kavu na subira. Jike atakayefaulu kuangua atunzwe, na mabinti zake watengwe kwa uzazi.

Wafugaji wanakumbushwa pia kwamba kware huhesabiwa miongoni mwa wanyamapori. Kabla ya kununua ndege, mkazi aulize kuhusu leseni katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu. Kunasa kware wa porini ili kuanzisha ufugaji bila kibali ni kosa.

Kwa ushauri kuhusu banda, chakula na magonjwa, wakazi wamuone afisa wa mifugo katika wadi yao.