Neno "Mpira" katika "Mpira wa Magongo": Maana, Asili na Pwani ya Kilwa na Lindi

Majina ya michezo ya kupiga mpira kwa kifaa yameingia katika Kiswahili kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni utohozi: kriketi, tenisi, gofu. Ya pili ni uundaji wa virai kwa maneno yaliyokuwamo: mpira wa magongo, mpira wa meza. Makala haya yanahusu njia ya pili, na yanadai kwamba neno kuu la virai hivyo halikuanzia mchezoni bali porini.

Mpira ni mmea mtambazi wa jenasi ya Landolphia, unaoota katika misitu ya bara nyuma ya Kilwa na Lindi. Gome lake likichanjwa hutoa utomvu mweupe unaoganda na kunyumbuka. Baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, utomvu huo ukawa miongoni mwa bidhaa muhimu zilizofikishwa Kilwa Kivinje na Lindi. Wagema waliuviringisha ukawa madonge, na kwa umbo hilo uliuzwa.

Sarufi nayo inatoa ushahidi. Mimea mingi ya matunda hutofautisha mti na zao lake: mchungwa na chungwa, mbungo na bungo. Mingine hushiriki jina moja na zao: mtama, mpunga, muhogo. Mpira umo katika kundi hili la pili, kwani mmea na utomvu huitwa vilevile. Utomvu ulipotengenezewa kitu cha kuchezea, kitu hicho kilirithi jina pamoja na upatanisho wa U-/I-: mpira umepasuka, mipira imepotea. Tufe, lenye umbo lilelile, hufuata LI-/YA-. Ngeli peke yake haithibitishi asili ya mmea, maana mkate na moto pia vimo humo. Inapata uzito inapoambatana na maana ya mmea iliyopo katika neno lenyewe.

Kutoka hapo maana ilipanuka kuelekea pande mbili. Upande mmoja ni vitu vya mpira, kama bomba la kumwagilia bustani. Upande wa pili ni mchezo wenyewe: aendaye mpirani haendi kwenye tufe, anakwenda kwenye mechi. Ni maana hii ya mchezo inayobeba mpira wa magongo, ambamo magongo, yaani fimbo nene, hubainisha kifaa. Ndiyo maana istilahi haitetereki ingawa tufe la mchezo huo leo ni la plastiki.

Kwa hiyo, kamusi inayotanguliza maana ya tufe na kuuweka mmea mwishoni humpa msomaji mnyororo uliopinduliwa. Mpangilio unaofuata historia ni mmea, utomvu, kitu, mchezo. Mpangilio huo pia huhifadhi ndani ya kidahizo kazi ya wagema wa kusini, ambayo wachezaji wa leo huitaja kila siku bila kuijua.