Waya unaobaki ndani ya katoni

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, kabla ya saa nne, gridi ya taifa ilianguka na karibu Kenya nzima ikaingia gizani. Habari iliyovuma zaidi ilikuwa ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambako jenereta ya kituo kimoja cha abiria ilikataa kuwaka. Kwa mwenye zahanati, shule au duka la jumla huku Migori na Homa Bay, swali la usiku kama huo ni dogo na liko karibu zaidi. Kuna kompyuta moja katika chumba cha nyuma, seva isiyolala, na mwenye ufunguo wa chumba hicho yuko nyumbani kitandani. Nani ataizima?

Seva za aina hii ni nyingi kuliko mpita njia anavyodhani. Vituo vya afya ndivyo vyenye mengi ya kupoteza. Utafiti wa kitaifa wa VVU, KENPHIA, wa 2018 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yamefika asilimia 19.6 Homa Bay na asilimia 13.0 Migori. Mgonjwa anayemeza dawa kila siku maisha yake yote anahitaji rekodi isiyopotea. Rekodi hizo, katika vituo vingi, ziko ndani ya KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, ambayo mizizi yake iko hapa hapa Kenya: kituo cha afya cha Mosoriot, nje kidogo ya Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001. Mara nyingi seva ya mfumo huo hukaa ndani ya kituo chenyewe ili kazi iendelee hata intaneti ikikatika. Ongeza shule zinazoweka karo na matokeo ya mitihani kwa programu, sako za wakulima wa miwa upande wa Awendo, vituo vya petroli, na maduka ambayo yamelazimika kufikiria upya kompyuta zao tangu mamlaka ya mapato, KRA, ilete ankara za kielektroniki za eTIMS.

Seva ikikatiwa stima ghafla, kinachoumia si chuma. Ni yale yaliyokuwa njiani kuandikwa kwenye diski. Hifadhidata kama MySQL huweka daftari la ndani linaloisaidia kujirekebisha ikiwaka tena, na aghalabu hufaulu. Hushindwa pale diski ilipokuwa imeshajibu kwamba imeandika, kumbe data bado inaelea kwenye kumbukumbu yake ya muda. Hapo karani huja asubuhi akakuta mfumo haufunguki.

Dawa inayouzwa madukani ni UPS, sanduku lenye betri linaloendelea kuipa kompyuta umeme stima ikipotea. Ndogo kabisa, ya VA 650, hupatikana kwa chini ya shilingi 10,000, na muuzaji huisifu kwa dakika: itakushikilia kiasi gani stima ikipotea. Mnunuzi naye huuliza hizo hizo dakika. Tuzipige hesabu. Ndani ya sanduku la aina hiyo kwa kawaida mna betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Seva na skrini zikila wati 120, karatasi inasema dakika 42. Lakini betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi haitoi yote iliyo nayo, na kuugeuza umeme wake kuwa volti 240 kunakula sehemu nyingine. Nusu ya zile dakika ndiyo ya kutegemea, tena betri ikiwa mpya. Chomeka printa ya leza hapo na hata hiyo nusu usiitarajie.

Kwa hiyo biashara nzima inauza kitu ambacho sanduku hili halina kwa wingi, na inasahau kile linachokifanya vizuri. Nyuma ya UPS nyingi za daraja la kati kuna tundu la USB, na ndani ya katoni mna waya wake. Waya huo ndio unaoiambia seva kwamba stima imepotea na betri imebaki kiasi fulani. Usipochomekwa, seva haijui lolote. Itaendelea na kazi mpaka betri ikauke, kisha izimike kwa kishindo kile kile, ila dakika ishirini baadaye. Mwenye seva alilipia kuzuia ajali, akapata kuiahirisha.

Ukishachomekwa, kazi iliyobaki ni ya programu. Ile iitwayo NUT ni ya bure, ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na inaelewana na UPS za kampuni nyingi. Fundi huiagiza ingoje kidogo, tuseme dakika tano, kwa kuwa kukatika kwingi ni kwa muda mfupi. Stima isiporudi, ifunge hifadhidata kwanza, kisha mfumo mzima, kisha iiambie UPS yenyewe ikate umeme. Hiyo hatua ya mwisho hurukwa sana, nayo ndiyo inayoamua kama seva itawaka yenyewe asubuhi. Kompyuta inayosubiri umeme urudi lazima kwanza ionje kwamba umeme ulikatika; UPS isipoukata, stima hurudi na seva inakaa kimya. Pia katika mipangilio ya ubao mama kuna kipengele cha kuwaka umeme unaporudi, nacho hutoka kiwandani kimezimwa mara nyingi. Na kwa kuwa stima yetu ina tabia ya kurudi, ikapotea tena baada ya dakika mbili, ni busara UPS isubiri betri ijae kiasi kabla ya kuiwasha seva upya. Modeli nyingi za bei ndogo haziwezi kufanya hivyo. Tofauti hiyo inastahili kulipiwa kuliko VA za ziada.

Hapa ndipo naona pesa ambayo mafundi wa Rongo, Oyugis na Mbita hawajaichota. Sanduku hutoka Nairobi na faida yake ni nyembamba. Mpangilio huu, pamoja na kurudi kila miezi sita kuupima, ni huduma ya saa mbili isiyohitaji mtaji wowote ila ujuzi, na hakuna duka la Nairobi linaloweza kuileta kwa parseli.

Betri nayo ni biashara ya kurudia. Miaka 3 hadi 5 inayotajwa ni ya chumba cha nyuzijoto 25. Kila nyuzi kumi zikipanda, umri hupungua karibu nusu, na vyumba vya mabati kando ya ziwa vina joto kuliko hapo. Betri za lithiamu-chuma-fosfeti hustahimili kuchajiwa na kutumiwa mara nyingi zaidi, ila chaja ya UPS ya zamani haikutengenezewa hizo. Asiyejua asibadilishe kienyeji. Zilizokufa za risasi zisiuzwe kwa yeyote anayepita na mzani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi hadi Phyllis Omido akaongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombe jambo moja. Jumamosi jioni, kazi ikiwa imefungwa na nakala ya data imeshawekwa pembeni, achomoe plagi ya UPS ukutani, kisha ninyi wawili mkae bila kugusa kitu. Seva ijifunge yenyewe, taa zake zizimike, UPS nayo inyamaze. Arudishe plagi. Ikiwaka yenyewe na rekodi ya mwisho iliyoingizwa mchana iko mahali pake, mpe pesa yake.