Shaba Ipi, na ya Nani?

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi, aliazimia kujiundia kipoza-maji cha tarakilishi yake: kibamba cha shaba chenye vijia vya maji ndani, kinachokaa juu ya prosesa na kufyonza joto lake. Alifika Gikomba kwa wauza vyuma chakavu, akaomba "shaba", akapewa kipande kizito cha manjano. Alikitoboa kwa siku mbili, lakini joto halikupungua alivyotarajia.

Nilicheka, kisha nikasita, kwani kosa lilikuwa la lugha. Neno letu "shaba" hubeba metali mbili. Shaba nyekundu ndiyo asili. Ile ya manjano imechanganywa na zinki, na uwezo wake wa kupitisha joto haufiki hata nusu ya ule wa nyekundu. Muuzaji hakudanganya, mnunuzi hakufafanua. Angalikwangua ukingo kwa tupa, rangi ingalimwambia.

Lipo swali zito zaidi: shaba hiyo ilitoka wapi? Wizi wa nyaya na transfoma za umeme ulikithiri hata serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kati ya Januari na Mei 2022. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka kila mfanyabiashara huyo awe na leseni. Mwanafunzi anayenunua bila kuuliza huenda anapoza tarakilishi yake kwa giza la kijiji kizima.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana maswali mawili kabla ya kutoa pesa: shaba ipi, na ya nani?