Yanayomsubiri abiria wa meli ya kitalii katika bandari ngeni

MSAFIRI kutoka Nairobi anayenunua tikiti ya safari ya baharini barani Ulaya huenda akasoma kwenye tangazo kwamba meli yake itang'oa nanga Roma. Ni baada ya kushuka katika uwanja wa ndege wa Fiumicino ndipo atakapobaini kwamba Roma haina bandari ya meli kubwa. Meli yenyewe imefungwa gatini Civitavecchia, mji wa pwani ulio umbali wa takriban kilomita 70 kaskazini magharibi mwa jiji hilo, na saa zinayoyoma.

Huo ndio mtego wa kwanza, na wapo wengi walionaswa nao. Kampuni za meli hupenda kutangaza jiji linalofahamika badala ya bandari yenyewe. 'London' katika matangazo hayo aghalabu huwa ni Southampton, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka jiji hilo. 'Paris' ni Le Havre, karibu kilomita 200. 'Berlin' ni Warnemünde, zaidi ya kilomita 200. Ingekuwa kwetu, ni kama kumuuzia mgeni safari ya meli 'kutoka Nairobi', kisha kumwachia kazi ya kutafuta mwenyewe njia ya kufika Kilindini.

Kwa sababu hiyo, wenye uzoefu hushauri abiria afike katika nchi ya bandari siku moja kabla ya safari, hasa ikiwa anatoka mbali na atabadilisha ndege njiani. Ndege ikichelewa, abiria wa ndege hutafutiwa nyingine. Meli haina nyingine. Aliyenunua tikiti ya ndege kupitia kwa kampuni ya meli huwa na mtu wa kumshughulikia akikwama, lakini aliyejinunulia mwenyewe hubeba mzigo wake peke yake.

Tuichukue Civitavecchia kuwa mfano, maadamu ni miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi zaidi za meli za kitalii katika bahari ya Mediterania. Ni bandari kongwe. Ilijengwa kwa amri ya Mfalme Trajan wa Roma mwanzoni mwa karne ya pili, na ngome ya kale bado imesimama kando ya maji. Treni kutoka kituo kikuu cha Roma, Termini, huchukua takriban saa moja au zaidi kidogo. Anayetoka uwanja wa ndege moja kwa moja hulazimika kubadilisha treni njiani. Tikiti ya karatasi ya treni za kawaida nchini Italia sharti ipigwe muhuri kwenye mashine ndogo iliyoko kituoni kabla ya kupanda. Mgeni asiyejua hilo hutozwa faini ilhali tikiti yake ni halali na ameilipia.

Akishuka katika kituo cha Civitavecchia, abiria ataona bahari karibu mno, na atashawishika kuvuta sanduku lake kwa miguu hadi melini. Asifanye hivyo. Bandari ni kubwa, malori yanapita, na watu hawaruhusiwi kutembea ovyo gatini. Kuna basi la kutoka kituo cha treni hadi mahali paitwapo Largo della Pace, na kutoka hapo mabasi ya bandari huwapeleka abiria hadi kwenye gati la meli yao. Dereva atauliza meli gani. Jibu lake ni jina la meli wala si jina la kampuni, kwa kuwa kampuni moja huweza kuwa na meli mbili bandarini siku hiyo hiyo. Isitoshe, feri za kwenda kisiwa cha Sardinia hutoka katika bandari hiyo hiyo, na foleni ya watu wenye mizigo si lazima iwe foleni yako.

Lakini suala linalowaumiza zaidi wasafiri wenye pasipoti ya Kenya si barabara, bali ni viza.

Mkenya anahitaji viza ya Schengen ili kuingia Italia. Viza hiyo hutolewa kwa kuingia mara moja, mara mbili au mara nyingi. Abiria wengi hupewa ya mara moja, hufurahi, na kufunga virago. Sasa itazame ratiba ya meli. Ikiwa inatoka Civitavecchia, inapitia Marseille na Barcelona, kisha inarejea, haijatoka katika eneo la Schengen, na viza ya mara moja yaweza kutosha. Hata Croatia imo katika eneo hilo tangu Januari 2023. Lakini meli ikipitia Uturuki, Tunisia, Albania au Montenegro, abiria amehesabiwa kuwa ametoka. Siku ya kurudi Italia atakuwa anaingia kwa mara ya pili, na viza yake imekwisha kazi.

Maafisa wa meli wanalijua hilo, na hawasubiri hadi siku ya kurudi. Hukagua viza pale pale kwenye kaunta ya bandari, kwa sababu kampuni inayombeba mtu asiye na hati kamili huweza kutozwa faini na kutakiwa kumrudisha kwa gharama yake. Abiria anayepatikana na viza isiyotosheleza safari nzima huambiwa asimame kando. Masharti yaliyochapishwa kwenye tikiti, yale maandishi madogo ambayo wachache huyasoma, husema kwamba jukumu la hati ni la abiria mwenyewe na kwamba nauli hairudishwi. Huenda akawa ni mzazi aliyelipiwa safari na watoto wake walio ng'ambo. Watoto wenye pasipoti za Ulaya wataruhusiwa kupanda, na yeye atabaki gatini na sanduku lake.

Kwa hivyo, anayeomba viza aipeleke ubalozini ratiba kamili ya meli, bandari baada ya bandari, na aombe viza ya kuingia mara nyingi iwapo ratiba inadai hivyo. Aidha, achunguze kama nchi zilizo nje ya Schengen zinataka viza zao, hata kama hana nia ya kushuka. Tena, tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo mpya wa kunakili alama za vidole na picha za wageni mpakani, jambo linaloweza kurefusha foleni.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kisisahaulike. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na baadhi ya nchi hukidai kwa yeyote anayetoka huku. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za kimataifa za afya, cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenyewe na si kwa miaka 10 kama zamani.

Kwenye lango la jengo la abiria, wachukuzi hupokea masanduku makubwa. Kila sanduku sharti liwe na lebo yenye jina, meli na nambari ya chumba. Ukishalitoa, hutaliona tena hadi jioni, na pengine usiku. Hapa ndipo wengi hujuta. Kuna watu ambao kila mwaka hukabidhi sanduku lililobeba pasipoti ndani yake, kisha hufika kaunta mikono mitupu. Pasipoti, dawa, miwani, pesa, simu na nguo ya kubadilisha vikae kwenye mkoba wa mkononi. Mwenye mtoto mchanga abebe maziwa na nepi za kutosha hadi usiku.

Mizigo yote hupitishwa kwenye mashine za ukaguzi kama za uwanja wa ndege. Pasi ya nguo, birika la umeme na mishumaa kwa kawaida hupigwa marufuku. Sababu yake si ubahili. Moto katikati ya bahari ndio adui anayeogopwa kuliko mawimbi, maana zima moto wa mjini hawezi kuitwa. Kampuni nyingi pia hazimpokei mama mjamzito atakayekuwa ametimiza wiki 24 kabla ya safari kwisha, wala mtoto aliye chini ya miezi sita. Haya yaulizwe kabla ya kulipa, kwani kaunta haina huruma.

Kwenye kaunta, abiria hujaza fomu ya afya inayouliza kama ametapika au kuhara siku za karibuni. Hupigwa picha, kisha hupewa kadi ndogo ambayo itakuwa ufunguo wa chumba, kitambulisho cha kuingia na kutoka melini, na pia kadi ya kununulia vitu. Katika baadhi ya safari, maafisa huchukua pasipoti na kuzihifadhi melini ili kurahisisha ukaguzi wa uhamiaji bandarini. Mkenya huweza kushtuka, na ana haki ya kushtuka, lakini ni desturi ya kawaida. Aombe risiti, na abaki na nakala ya pasipoti na ya ukurasa wa viza.

Pesa taslimu hazitumiki sana melini. Kadi ya benki huunganishwa na ile kadi ya meli, na hapo pana jambo la kuangalia. Ikiwa ni kadi inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti, meli huweza kuzuia kiasi fulani kila siku kama dhamana, na pesa hizo zisipatikane kwa siku kadhaa hata baada ya safari kwisha. Bakshishi ya wahudumu nayo hutozwa kwa kila abiria kwa kila siku, na katika kampuni nyingi haimo kwenye nauli. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni mara tu meli inapoondoka, kwa maana mtandao wa setilaiti wa melini hutoza ghali mno, na simu hujiunga nao bila kumwuliza mwenyewe.

Abiria akishaingia melini mchana, huenda akakuta chumba chake bado kinasafishwa. Asihangaike. Chakula huwa tayari kwenye ghorofa za juu, na wote walioingia mapema huwa huko na mikoba yao.

Kisha kuna zoezi la dharura. Hili ndilo ambalo abiria wengi huliona kuwa usumbufu, na ndilo ambalo historia ya bandari ya Civitavecchia inatulazimisha tulizungumzie kwa kirefu kidogo.

Jioni ya Ijumaa, Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iling'oa nanga kutoka bandari hiyo ikiwa na zaidi ya watu 4,200. Miongoni mwao walikuwamo mamia ya abiria waliopanda siku hiyo hiyo. Hawakuwa wamefanya zoezi la dharura, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24, na lao lilikuwa limepangiwa siku iliyofuata. Saa nne kasorobo usiku, meli iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Amri ya kuihama ilitolewa zaidi ya saa moja baadaye. Watu 32 walifariki. Nahodha Francesco Schettino alihukumiwa kifungo cha miaka 16 mwaka 2015.

Baada ya mkasa huo, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zilibadilishwa. Tangu Januari 1, 2015, abiria wapya sharti wapewe zoezi hilo kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Siku hizi kampuni nyingi humruhusu abiria kutazama video kwenye simu au runinga ya chumbani, kisha aende mwenyewe katika kituo chake cha kukusanyikia ili kadi yake inakiliwe. Wapo wanaoiacha video iseme peke yake huku wakipanga nguo kabatini.

Mambo ya kushika hapo si mengi. Ishara ya dharura ni milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu. Herufi au nambari ya kituo chako imeandikwa kwenye kadi, na ramani iko nyuma ya mlango wa chumba. Lifti hazitumiwi. Tembea kutoka chumbani hadi kituoni mara moja kwa ngazi ukiwa mtulivu, ili miguu iizoee njia kabla haijahitajika gizani. Mwenye watoto aulize ukanda wa mkononi unaoonyesha kituo cha mtoto, kwani huenda king'ora kikalia akiwa katika chumba cha michezo.

La mwisho ni saa. Usajili hufungwa saa moja au zaidi kabla ya meli kuondoka, kwa kuwa orodha ya abiria sharti ikamilishwe na kuwasilishwa kwa wakuu wa bandari. Muda ulioandikwa kwenye tikiti ni wa meli kuondoka, si wa abiria kufika. Katika bandari zinazofuata, meli huenda ikafuata saa zake tofauti na za mjini, na simu hujibadilisha yenyewe bila kumwarifu mtu. Abiria avae saa ya mkononi na kuilinganisha na ya melini kila asubuhi. Asiyerejea kwa wakati huachwa. Aghalabu maafisa huitafuta pasipoti yake na kumwachia wakala wa meli bandarini, ambaye jina na nambari yake ya simu huchapishwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku. Karatasi hiyo itiwe mfukoni kabla ya kushuka ngazi.