Uzi wa mkono: Ukitatana, faida hupotea

MSIMU wa kahawa ukiisha, wengi hapa Itaka, wilayani Mbozi, hutafuta kazi nyingine ya kuingiza fedha. Kusokota uzi wa pamba kwa mkono huanza kwa mtaji mdogo sana.

Kazi hii si ngeni ukanda huu. Katika karne ya 19 Wafipa na majirani zao wa Bonde la Rukwa walifuma nguo za pamba, kabla ya vitambaa vya viwanda vya ng'ambo kuwaondoa sokoni. Kifaa chake ni kijiti chenye kisahani cha uzito, kinachozungushwa kama pia. Huko Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale walifukua visahani vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu. Kigae unacho nyumbani.

Tatizo huja unapounganisha nyuzi mbili ziwe uzi mmoja imara. Uzi mbichi umejaa msokoto. Ukilegea kidogo tu, hujikunja na kufunga mafundo.

Fanya hivi. Kwanza, acha uzi ulale usiku mmoja kwenye kijiti ili utulie. Pili, viringisha kila uzi donge lake, kisha weka madonge hayo katika bakuli mbili. Tatu, shika ncha zote mbili, uzizungushie kijiwe laini hadi upate donge moja lenye nyuzi mbili sambamba. Vuta kwa nguvu sawa, usilegeze. Nne, sokota kutoka donge hilo kwa kuzungusha kijiti kinyume cha mwanzo: kama ulifuata mshale wa saa, sasa urudi nyuma. Misokoto hupunguzana na uzi hutulia.

Pima kwa kuachia kipande kining'inie kama kitanzi. Kikijisokota sana, bado hakijasawazika.

Sasa hesabu. Tuseme pamba imekugharimu Sh 1,500 na uzi umeuza Sh 6,000. Zimebaki Sh 4,500. Kwa saa 9 za kazi, kila saa imekulipa Sh 500. Ukipoteza saa 3 kufungua mafundo, malipo hushuka hadi Sh 375, na uzi uliokatwa hauna mnunuzi.

Ndugu mkulima, usinunue pamba nyingi kwanza. Sokota kidogo, andika saa zako, mwoneshe mfumaji au fundi wa vikapu, mkubaliane bei. Bei hiyo ikizidi kibarua cha shambani, endelea. Isipozidi, jembe lina malipo bora.