Plagi Ikiingia, Picha Huenda Isije



Kompyuta ya zamani inayonunuliwa Mbarara kwa fedha za mchango na kupelekwa Rugaaga mara nyingi huwa ni sanduku peke yake. Skrini hutafutwa baadaye, na hapo ndipo fedha za wanachama hupotea. Waya umenunuliwa, plagi imeingia sawasawa, lakini skrini imebaki nyeusi. Muuzaji yuko Mbarara, na nauli ya kumrudia hulipwa na tawi. Kwa hiyo tunaeleza jambo hili kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Tazama nyuma ya sanduku. Tundu lenye vishimo 15 katika safu tatu, mara nyingi la buluu, huitwa VGA. Kampuni ya IBM ililitoa mwaka 1987. Hilo hupeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka, njia moja kwa rangi nyekundu, moja kwa kijani, moja kwa buluu. Skrini yenye tundu kama hilo huungwa kwa waya wa kawaida, na skrubu mbili hukazwa kwa vidole tu.

Taabu huanza kwa skrini mpya yenye HDMI pekee. HDMI hupokea picha kwa tarakimu, na waya mtupu hauwezi kugeuza umeme wa VGA kuwa tarakimu, hata kama ncha zake zinaingia pande zote mbili. Panahitajika kigeuzi chenye mitambo ndani, nacho hufanya kazi upande mmoja tu. Mwambie muuzaji waziwazi: picha inatoka VGA, inaingia HDMI. Vikiuzwa vya kinyume chake, navyo ndivyo vingi, havitasaidia. Sisi tunaona afadhali kutafuta skrini iliyotumika yenye VGA.

Tundu jeupe lenye ufa mrefu ni DVI. Ufa ukizungukwa na vishimo vinne, plagi ndogo ya kubadilishia kwenda VGA inatosha. Visipokuwapo, haitoshi.

Kuna na masanduku ya miaka ya 1980 yenye vishimo 9 katika safu mbili. Umbo lake hulingana na VGA kwa ukubwa, lakini hayo huchora mistari kama 15,700 hadi 21,800 kwa sekunde, hali VGA huchora 31,500. Tusiyatolee mchango.

Sanduku likiwa na matundu mawili ya picha, tumia lile la kadi iliyochomekwa kando, si la bodi kuu. Skrini ikiandika kwamba mawimbi yamepita kiwango chake, sanduku ni zima; linatuma picha kwa kasi kubwa mno. Washa upya, chagua hali ya usalama, kisha punguza iwe mara 60 kwa sekunde.

Mwisho, skrini nene za kioo. Ya inchi 17 hula wati 70 au zaidi, na ile bapa ya ukubwa huo hula kama 30. Kwa tawi linalotegemea umeme wa jua tofauti hiyo ni saa za kazi. Tena ndani yake mna volti zaidi ya 20,000, ambazo hubaki hata plagi ikishachomolewa ukutani. Ikiharibika, mtu yeyote asiifungue, hata awe fundi wa redio.